Siku Dizeli Ilipoipita Petroli

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa jukumu langu la kwanza lenye uzito. Meneja wa kituo aliniita ofisini, akafunga mlango, akapunguza kasi ya feni ili karatasi zisipeperuke na heshima ya mazungumzo isipungue. Kuanzia Jumatano ya wiki ijayo tutakuwa na bei mpya. Kwa mara ya kwanza tangu kituo hiki kianze kuuza mafuta, dizeli itakuwa ghali kuliko petroli. Madereva wa malori watataka maelezo.

"Wewe ndiye msomi wetu," alisema. "Waeleze kisomi, ila waelewe."

Kisha akataja, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba kipindi changu cha majaribio kinaisha mwezi huu, na kwamba kunithibitisha kuwa msimamizi msaidizi ni suala la sahihi yake tu. Mambo yakienda vizuri.

Mambo kwenda vizuri hapa kuna maana moja. Asubuhi ya bei mpya, kabla namba za ubao hazijabadilishwa, mwenyekiti wa madereva huingia na lori lake akajaziwa kwa bei ya zamani. Wanaliita tangi la kuagia. Akimaliza hupiga honi ndefu, namba zinabadilishwa, na malori mengine yanaingia bila neno. Asipokuja, yote yanavuka daraja kwenda kituo cha ng'ambo. Inasemekana mwenyekiti aliyetangulia aliwahi kususa, na mteja mkubwa wa dizeli yetu mwezi ule akawa jenereta letu wenyewe.

Sikumwambia Meneja kwamba mwenyekiti wa sasa ni baba yangu mzazi. Hakuuliza. Katika maombi ya kazi, penye kazi ya mzazi, niliandika "mdau wa sekta ya usafirishaji". Si uongo. Ana lori.

Jumanne, 4 Machi

Nimefanya utafiti mchana kutwa. Hoja zangu ni imara, nazinukuu hapa kwa kumbukumbu.

Petroli na dizeli hutoka katika mafuta ghafi yaleyale. Kiwanda hakiwezi kuamua tu kutoa dizeli peke yake, kama vile mchinjaji asivyoweza kuchinja paja peke yake. Wakati huohuo dizeli inagombewa na malori, meli, matrekta, migodi na majenereta, na katika nchi za baridi watu hupashia nyumba joto kwa mafuta ya jamii hiyohiyo. Hata mafuta ya ndege ni ndugu yake wa karibu. Isitoshe, siku hizi dizeli lazima iondolewe salfa, na kazi hiyo ina gharama. Mwisho, lita ya dizeli ina nguvu nyingi kuliko lita ya petroli. Kwa hiyo, ukitazama kwa jicho la kitaalamu, ajabu ni kwamba iliwahi kuwa rahisi.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeipigia mstari. Ninaipenda.

Niliijaribu hotuba kwa dada wa pampu ya pili, wakati hakuna magari. Alinisikiliza huku akifuta kioo cha pampu.

"Sawa, Profesa," alisema. Ndilo jina alilonipa, na sijalikataa kwa nguvu zote. "Lakini dizeli si ndiyo inayonuka? Ikikudondokea kwenye kiatu, mpaka mwezi ujao. Kitu cha namna hiyo kinapandaje bei?"

Nikamweleza kwamba harufu si kigezo cha kiuchumi.

"Manukato je?"

Nimeandika pembeni: mtazamo wa umma una changamoto.

Alhamisi, 6 Machi

Baba amerudi safari. Baada ya chakula nikaona ni fursa ya kupima hoja mbele ya mlengwa halisi. Nikasimama, nikaanza: "Mheshimiwa Mwenyekiti —"

"Mheshimiwa nani tena humu ndani?" Mama aliuliza. "Mpe baba yako chai kwanza."

Baba alikunywa chai na kusikiliza. Ana nadharia yake, na anaishikilia kama usukani: dizeli ni makapi. Wakishakamua petroli, kinachobaki chini ndicho wanachotuuzia sisi wenye malori. Na makapi hayawezi kuwa ghali kuliko unga, duniani kote.

Nikamwambia si hivyo, Baba. Mafuta ghafi hupashwa moto, kila aina hutoka kwa joto lake, hakuna aliye makapi ya mwenzake. Nikamwonyesha mchoro wa mnara wa kiwanda. Aliugeuza juu chini, akaurudisha, akasema umechorwa vizuri.

"Na hao wa nchi za baridi," akauliza, "wanaota moto kwa dizeli yetu?"

"Si yetu, Baba. Ya soko."

"Basi wavae masweta."

Mama akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Baba naye akacheka. Kisha akaacha. Akasema Jumamosi kuna kikao cha madereva kwenye maegesho, niende nikawaeleze. Wakielewa, yeye Jumatano ataingia kujaza. Hawezi kuingia kama hawajaelewa, kwa sababu kiti alichokalia ni chao.

Nikamhakikishia kwamba wataelewa. Nimeongeza jedwali.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao. Nitaeleza kwa utulivu.

Madereva walikaa kwenye matairi mabovu na ngazi za malori. Nilivaa koti la mahafali — yaani lile nililovaa ndani ya joho — na nilianza vizuri kabisa. Niliposema "mnyororo wa ugavi" mmoja akauliza mnyororo huo unafungwa kwenye gari gani. Nikatabasamu. Nikaendelea. Nilipofika kwenye salfa walikuwa wanasikiliza, naapa. Mmoja hata alisema kweli, moshi wa siku hizi haukereketi koo kama zamani.

Ndipo akasimama yule wanayemwita Honi. Sauti yake inaeleza jina.

"Binti, umesoma, hongera. Miaka yote dizeli iko chini ya petroli. Meli hazikuwepo? Ndege hazikuruka? Baridi imeanza mwaka huu? Usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa katika jedwali. Ila kabla sijafunua ukurasa, mwingine akasema taratibu, kwa sauti iliyofika kila mahali: "Hivi huyu si mtoto wa Mwenyekiti?"

Nikamtazama Baba. Baba akatazama tairi.

"Aa, sasa naelewa," Honi alisema. "Bei imepandishwa nje, imeshushwa nyumbani."

Wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Baba akasimama, akajifuta mikono ingawa haikuwa na kitu.

"Kwenye kikao hiki," alisema, "mimi sina mtoto."

Nikamaliza hotuba yangu. Nilishukuru kwa fursa. Jedwali hakuna aliyelitaka.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba ni ndogo mno kwa watu wawili wasiosemezana.

Baba, mezani: "Mama, mwambie msomi wako anipitishie sukari."

Nikaipitisha kwa heshima zote zinazostahili.

Jumatatu, 10 Machi

Habari zilishamfikia Meneja. Nilijiandaa kuomba radhi kwa kutosema. Nilikuwa na aya mbili kichwani. Hazikuhitajika. Alinipokea mlangoni, mikono wazi.

"Mwenyekiti ni baba yako na unakaa kimya! Wewe ni dhahabu." Akanionyesha barua ya kunithibitisha. Imeshachapwa. Jina langu limeandikwa vizuri, na cheo changu kwa herufi nene. Sahihi ndiyo bado. "Jumatano honi ikilia tu, natia wino."

Nikaona ni wakati mwafaka wa kuonyesha umakini. Nikamwomba mchanganuo wa bei yetu, ili hoja zangu zitoke nje ya nadharia. Je, kupanda huku kwa dizeli, kiasi gani ni soko la dunia?

Akacheka. Hakuficha lolote, na hilo ndilo linalonisumbua. Aliongea kama mtu anayemfundisha mwanawe kuendesha gari. Soko la dunia limepandisha kidogo, alisema. Kwa kidogo hicho dizeli ingekaribia petroli, isingeipita. Iliyobaki ni yetu. Petroli ilipaswa kupanda pia, ila wenye magari madogo wana kelele: leo wamepiga simu redioni, kesho wamejaza mafuta kwingine. Kwa hiyo petroli tumeiacha, na mzigo wake tumeupandisha kwenye lori. "Lori linabeba mizigo, si ndiyo kazi yake?" Isitoshe dizeli iliyopo kwenye matangi chini ya ardhi tuliinunua kabla bei haijapanda.

"Hujui haya na umesoma uchumi?"

Nikasema ninayajua kwa jina jingine.

"Basi hilo jina jingine ndilo uwaambie. Hiki kipande cha kwetu usikiweke kwenye mchoro."

Nikarudi mezani kwangu. Nikafungua karatasi yangu, nikaisoma yote. Kila sentensi ni ya kweli. Meli zipo, ndege zipo, salfa ipo, baridi ipo. Sijawahi kuandika kitu chenye ukweli mwingi hivi kinachoeleza sehemu ndogo hivi.

Nikafuta ile niliyoipigia mstari. Kisha nikairudisha.

Jumanne, 11 Machi

Nimetafakari kwa kina. Msomi hana budi kutenganisha mambo. Kwanza: hakuna aliyeniambia niseme uongo. Pili: kila biashara ina faida yake, hata Baba hupandisha nauli ya mzigo mvua ikinyesha. Tatu: nikiwa msimamizi msaidizi nitakuwa na nafasi ya kurekebisha mambo kutoka ndani. Hoja ya tatu ni dhaifu, nakiri. Nimeiacha kwa sababu tatu zinaonekana vizuri kuliko mbili.

Jioni Baba alizungumza na Mama jikoni, mlango wazi, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika na mtu wa tatu. Madereva wamekaa tena. Wamekubaliana hivi: kesho Mwenyekiti atakuja mpaka mlangoni pa kituo na lori lake, wao nyuma yake. Atauliza swali moja. Jibu likimridhisha, ataingia kujaza na wote watamfuata. Lisipomridhisha, atarudi nyuma na wote watavuka daraja.

"Na ukiingia, halafu ikaja kujulikana ulidanganywa?" Mama aliuliza.

"Watasema niliuza wenzangu kwa ajili ya mwanangu. Kiti nitakiacha siku hiyohiyo. Na mzigo sitapata tena. Nani atampa zamu mtu wa namna hiyo?"

"Na usipoingia?"

Nilisikia Baba akisuuza kikombe. Hajawahi kusuuza kikombe maisha yake yote.

Mama alipita mlangoni kwangu baadaye. Akauliza kama nimepiga pasi shati la kesho. Nikasema nimepiga. Akasema baba yako hajui kuuliza maswali ya kitabuni, mwanangu; atauliza la kawaida. Akaenda kulala.

Jumatano, 12 Machi

Ofisini. Ninaandika nikiwa nimesimama.

Namba mpya ziko sakafuni, zimeegemezwa ukutani chini ya ubao. Meneja amevaa tai. Ameshika mwenyewe mdomo wa pampu ya dizeli, amepiga picha nayo.

Lori la Baba limefika. Limesimama mlangoni kabisa — magurudumu ya mbele yako kwetu, ya nyuma barabarani. Taa ya kukatia kona inawaka na kuzima upande wetu. Hajazima injini. Nyuma yake malori yamepangana mpaka sioni mwisho, na magari madogo yanayotaka petroli yao ya bei ya jana yanapiga honi za hasira. Hakuna anayewajali.

Honi ameketi kwenye kiti cha abiria, karibu na Baba. Kama shahidi.

Dada wa pampu ya pili amekuja mbio, ametumwa. Hapumui vizuri.

"Profesa, baba yako — Mwenyekiti — anauliza. Anasema hivi: hii tofauti yote ni ya dunia, au kuna kipande cha kituo?"

Nikamwambia ampe Meneja swali hilo. Ni swali la kiutawala.

"Meneja ameshajibu. Amesema yote ni ya dunia. Mwenyekiti anasema hajamuuliza yeye. Anataka jibu lako, utoke nje useme kwa mdomo wako. Akisikia kwako, anasema, basi."

"Basi nini?"

"Hakumalizia."

Kupitia dirishani Meneja ananipungia mkono. Anatabasamu. Ananionyesha mfuko wa shati lake, ilipo barua, na kalamu pembeni yake.

Karatasi yangu iko hapa mkononi. Inaanza kwa "Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madereva". Nikiisoma kuanzia hapo, kila kitu kitafuata chenyewe: mafuta ghafi, mnara, meli, salfa, masweta. Naijua bila kuitazama. Baba amenisikia nikiikariri chumbani juma zima; ataingia nikifika kwenye salfa.

Lakini ameshusha kioo. Amevua kofia, ameiweka kwenye dashibodi. Anatazama mlango huu ninaotakiwa kutokea, na uso huo si wa mwenyekiti wa chochote. Nikianza kwa "Baba", karatasi hii haina mstari hata mmoja unaofuata.

Dada ameshika mlango. Anauliza nakuja au siji, dizeli ya watu inaungua.

Nimeiweka karatasi mezani. Nimeichukua tena. Nimei —