Chumba Chenye Jiko, Karibu na Vivian

Langas,
S.L.P. 4417,
Eldoret.
14 Mei 2025.

Mpendwa ndugu yangu Collins,

Pokea salamu kutoka kwangu dada yako, na kwa Baba Vivian ambaye sasa hivi yuko nje anagombana na paa la choo. Habari ya Hamburg? Cynthia hajambo? Na Emmanuel bado anakataa mboga? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mvua imekuja vizuri, mahindi ya shamba la Ainabkoi yamefika magotini na tunangoja palizi ya pili. Mguu wangu unauma asubuhi, lakini huo tumeshazoeana.

Najua utashangaa kuona nimeandika kwa kalamu siku hizi za simu. Zile simu ulizopokea juzi ukasikia kimya, ni mimi. Nikisikia tu sauti yako nakata, nisije nikakulilia. Kwa hivyo nimekaa hapa mezani niandike yote, nikimaliza nipige picha nikutumie. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Collins, nimekwama na sina mtu mwingine wa kulilia. Unajua ile mimba ya Vivian ya mwaka jana ilivyoishia. Miezi saba, mtoto akatoka amenyamaza, na binti yangu yuko peke yake kwa hiyo hospitali kwa sababu mume wake Edwin alikuwa kazini na simu yake imefungiwa kabatini. Sasa ana nyingine. Atajifungua mwisho wa Julai, na daktari amemwambia alale, asiinue hata sufuria. Akinipigia huwa ananong'ona, kama anaogopa kumshtua huyo aliye tumboni. Kila mara neno lake ni moja tu, "Mama, kuja."

Tukapanga niende kwao huko Ujerumani Juni, nikae kiangazi chao chote, nimpikie, nimwoshe, nimpokee mtoto. Nilianza hata kusaga wimbi ya uji wake.

Wewe umekaa Ulaya miaka mingi lakini hujasahau kwamba sisi ni Wabukusu. Mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake. Mimi hata mkono simpi Edwin. Tunasalimiana kwa mbali, kila mtu akiangalia upande wake, na tunaheshimiana sana hivyo. Sasa hapo kwao Konstanz ni chumba kimoja cha kulala, sebule na bafu moja. Vivian anasema nilale kwa kochi. Niamke asubuhi nikutane na mkwe wangu amejifunga taulo? Kwa kweli hapana.

Baba Vivian ananicheka. Ananiuliza, "Kwani huko Ujerumani ni nani atakuona?" Nikamwambia nitajiona mimi mwenyewe, na inatosha. Akaenda kwa paa lake.

Lakini si ubishi wa bure, Collins. Kumbuka Vivian alipozaliwa, tukikaa Burnt Forest wakati ule Baba Vivian akifanya kazi gereji. Mama yetu alikuja akalala kwa stoo ya jirani yetu Waiyego, katikati ya magunia ya viazi. Alijipikia humo kwa jiko la makaa, asubuhi anavuka ua na uji wangu kwa birika, anakaa nami mchana kutwa, na akisikia pikipiki ya Baba Vivian anatoka kwa mlango wa nyuma. Hakulalamika hata siku moja. Mimi nililelewa hivyo na nikamlea mtoto wangu hivyo. Sasa mnataka niwe wa kwanza kuvunja?

Basi sikiliza nilivyojiharibia. Nilienda Nairobi kwa mahojiano ya viza. Barua ya mwaliko ya Vivian inasema nitakaa kwake. Yule msichana wa dirishani akaniuliza kwa upole, "Kwa hivyo utalala kwa binti yako?" Mimi nikasema hapana, haiwezekani, mkwe wangu anaishi pale. Akauliza kama tumekosana. Nikamwambia hatujakosana, tunapendana sana, ndiyo maana siwezi kulala kwake. Akaniangalia, akaangalia barua, akaniangalia tena. Mwishowe akasema barua na maneno yangu havipatani, nilete uthibitisho wa mahali nitakapolala, kufikia Jumatatu ijayo, kama sivyo faili linafungwa. Kina mama wa kanisa lote la Langas wangesema "ndiyo, nitalala kwa binti yangu" na kwenda zao. Mimi nikaona nikidanganya siku ya kumwendea mtoto aliye tumboni, nitakuwa nimempelekea nini?

Tangu hapo tunatafuta chumba. Collins, hujui mji wa kando ya ziwa wakati wa kiangazi. Wageni wamejaa kama siagi kwa mkate. Vyumba viko, lakini ni vya wiki moja, vya watu wa likizo wanaokula hotelini. Ukitaja miezi mitatu mwenye nyumba anakata simu. Kimoja kilikubali muda wote, kumbe hakina jiko, wanakupa mkate na chai asubuhi basi. Sasa nitamkanda Vivian kwa maji gani ya moto, na jikoni kwao siingii Edwin akiwepo? Mtu aliyetoka kujifungua atakunywa uji wa dukani? Kingine kina jiko lakini unalitumia pamoja na vijana wanne wa chuo, wanaume watupu.

Halafu kuna kile kinachoniuma mpaka leo. Vivian alipata chumba safi, jiko lake, bafu lake, miezi yote mitatu. Kiko jengo hilo hilo lao, ghorofa ya juu, sawasawa juu ya chumba chao cha kulala. Nikamuuliza mara mbili kama ni juu kabisa. Akasema ndiyo. Nikasema, mimi nitembee usiku juu ya kichwa cha mkwe wangu? Nikakataa. Jioni ya siku hiyo nilibadilisha nia, kwa sababu nilijiambia nitavua viatu na nitasogeza kitanda upande wa ukuta. Kilikuwa kimeshachukuliwa. Vivian hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nimekula, na hiyo sauti yake ndiyo sijaweza kuitoa masikioni.

Jana likaja la mwisho. Edwin alipiga simu, yeye mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kufanya tangu amwoe. Alimpa Vivian simu aishike na yeye akaongea akiwa mbali, nikamsikia akisema, "Mama, njoo ulale ndani na Vivian. Mimi nitalala kwa gari mpaka utakaporudi nyumbani." Huyo kijana hukaa kiwandani siku nzima akibeba mabomba. Ananiheshimu kiasi cha kulala kwa gari kiangazi chote, na mimi nikakaa hapa kitandani kwangu nikilia kama mtoto.

Siwezi kukubali hilo. Mwaka jana Vivian aliamka na uchungu na mume wake hayuko. Mwaka huu tena aamke usiku, anyooshe mkono, mume yuko chini kwa maegesho kwa sababu yangu? Hicho chumba ninachokuomba ni cha kumwacha Edwin kitandani kwake.

Nakuomba, mwana wa mama. Najua Hamburg ni mbali na wao, lakini wewe unajua Kijerumani vizuri, na watu wakisikia sauti ya mwanaume mzima anayelipa kodi miaka yote wanatulia. Wapigie wenye nyumba. Uliza kanisani. Uliza mashamba ya nje ya mji, bora kuwe na basi. Sitaki dirisha la kuona ziwa. Nitafutie hata stoo, bora iwe na jiko linalowaka, mlango unaofungwa, na mwenye nyumba aandike karatasi ya kwamba Priscah atalala hapo. Na ukisikia kile cha juu kimeachwa, chukua bila kuniuliza. Nitatembea peku.

Usipopata, Jumatatu nitarudi kwa lile dirisha niseme nitalala kwa mkwe. Nitasema tu. Mama atanielewa huko aliko, sijui kama mimi nitajielewa.

Nisalimie Cynthia na Emmanuel, umwambie shangazi yake anamwekea njugu. Waiyego anakusalimia, bado yuko Burnt Forest, na ile stoo bado imesimama. Mungu awalinde mkilala na mkiamka, na akupe kibali mbele ya wenye nyumba.

Wako akupendaye hata anapokusumbua,
Dada yako Priscah.

Nilikuwa nimeshamaliza, kisha Vivian akanitumia picha sasa hivi. Edwin amekunja viti vya nyuma vya gari akatandika godoro na mto, na amelala humo ajaribu. Miguu imetoka nje ya mlango. Collins, anatabasamu. Piga simu leo.