Picha za Pwani ya Natal

Jumapili, 11 Oktoba 1970

Nimechoka. Sauti imekauka kwa kufundisha. Wasichana arobaini na mbili, vitabu kumi na moja, na Kiarabu changu cha Unguja kinawachekesha. Wacheke.

Narudi nyumbani Darsait, hapa Maskati, kwa miguu, jua la saa saba, nakuta mgeni mlangoni — Ishaq, baharia mwenziwe Aflah! Peke yake. Meli yao imetia nanga Mutrah, inaondoka Jumamosi. Aflah, mume wangu, hayumo. Alishuka Durban, Afrika Kusini, mwezi wa nne, melini hakurudi tena. Ishaq kanipa bahasha na kitabu cha picha. Jibu atalichukua yeye, kasema.

Mama mkwe, Bi Shaikha, anauliza lile lile: mzima? Anakula? Mzima, mama. Anakula.

Jumatatu, 12 Oktoba

Barua nimeisomea msalani. Chumba chetu ni kimoja, nitajificha wapi kwengine?

Kaoa. Binti wa Wazanzibari wa huko huko Durban, watu waliopelekwa zamani, enzi za mababu. Harudi. Nikitaka talaka ataniandikia, nisipotaka pia sawa. Sawa! Na chini yake: "Mama mwambie polepole, wewe ndiye unayejua kusema naye."

Nilipotoka Mama alikuwa mkekani, kaninyooshea shingo. "Kasemaje?" Anasoma Kiarabu, herufi za Kizungu hazijui. Sikuwa na nguvu. Nikachukua kitabu cha picha. Cha watalii, Kiingereza kitupu. Nikamsomea hicho, natafsiri.

Jumanne, 13 Oktoba

Leo kakidai mwenyewe. Nikamsomea dagaa. Mwezi wa sita wanapita pwani ya Natal, huko huko Durban, makundi kwa makundi, wanajirusha mpaka ufukweni, watu wanawazoa kwa vikapu, wanawake kwa sketi. "Kwa sketi, ati!" Mama kacheka. Tangu tufike Maskati sijamsikia akicheka hivyo.

Halafu ziwa la viboko, karibu na bahari kabisa. Halafu mwamba mkubwa uliotobolewa na mawimbi, maji yanapita katikati kama mlangoni. Mama kaweka kidole pale penye tundu. Na Aflah kayaona yote haya?

Nikasema ndiyo. Mwili mzima unaniuma.

Jumatano, 14 Oktoba

Ishaq kaja kunywa kahawa. Nikamfuata nje, nikamuuliza kuhusu ufukwe ulio juu ya jalada, wenye miavuli ya rangi. Kasema una kibao: Wazungu tu. Aflah anautazama toka barabarani, akienda kwenye ghala la sukari anakobeba magunia. Ziwa hajafika. Mwamba hajauona.

"Ana raha lakini?"

"Kachoka, shemegi. Kama sisi."

Nilitaka nimchukie Aflah jioni nzima. Hata hilo sikuliweza vizuri.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nyangumi. Kurasa mbili. Nimelala na nguo za shule.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimemwambia. Baada ya chakula, vyombo bado mkekani. Kaoa, mama. Harudi. Na mimi naomba talaka yangu.

Hakulia. Kaichambua miba ya samaki sahanini, akaipanga ukingoni mmoja mmoja. Kisha: "Siku nne unanisomea viboko."

"Nisamehe, mama."

"Na ukishaachika, mie n'nakaa kwa nani? Si mkweo tena."

Sikujua analaumu au anaomba. Nikamwambia chumba hiki nakipanga mimi, kwa mshahara wa shule, na humu hatoki. Hatukukimbia Unguja pamoja ili nije nimtupe hapa. Kaniambia nikaoshe vyombo.

Moja sikulisema. Ukurasa wa pili wa barua — mkewe ana mimba ya miezi mitano. Mimi miaka saba ya ndoa, sikuzaa. Mdomo ulikataa tu.

Jumamosi, 17 Oktoba

Shule nimeshachelewa. Ishaq yupo mlangoni, mashua inamngoja Mutrah. Jibu langu mistari miwili: Nataka talaka. Mama anabaki kwangu.

Mama kasema niongeze na lake. Niandike nini? Kafikiri. "Muulize huyo mkewe anaitwa nani."

Nikaandika.

"Muulize na kama kuna mtoto. Muulize vizuri, Nasriya. Kama yupo, mie n'natia sahani zangu kwenye mkoba, nakwenda hata kwa meli hii hii."

Nimelivuta daftari hili juu ya barua. Mama anautazama mkono wangu unavyokwenda, anadhani swali lake la mtoto ndilo ninaloliandika. Ishaq anakohoa nje.

"Ushaandika?" kaniuliza.