Jini la Taulo

Alhamisi, baada ya magharibi. Mvua imeanuka tangu adhuhuri na joto limerudi, lile la kunata shingoni.

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki zangu wa shule. Jini la hoteli ya zamani halipo. Najua halipo kwa sababu nilikuwapo lilipotungwa. Lilitungwa hapa kwetu, jikoni, na baba yangu, huku akimenya muhogo.

Kwa wachache mnaopita kwenye blogu hii na hamjui huku kwetu: tuko kati ya Diani na Gazi, na nyuma ya nyumba zetu kuna hoteli iliyofungwa tangu nilipokuwa mdogo. Mwenye hoteli ana kesi ya ardhi, na baba ndiye mlinzi wake. Wezi walianza na mabomba, wakaja kwenye mabati. Mwenyewe akapiga simu akasema kikipotea kitu kingine, hata msumari, baba ajitafutie kazi pengine. Ukuta ule ni mrefu, na baba ana rungu na tochi tu. Basi akaenda dukani akasema, kama mtu asiyetaka kusema, kwamba amemwona mwanamke akitoka kwenye bwawa la kuogelea, nywele zimelowa chapachapa, akamwomba taulo.

Taulo!

"Hata majini ya Diani yamezoea mambo ya hoteli," muuza duka alicheka. "Hakuagiza na soda?"

Walicheka wote. Lakini hakuna aliyeruka ule ukuta tena. Na hadithi ikaendelea yenyewe bila sisi. Mara fulani kasikia mtu akiogelea alfajiri, mara fulani kaitwa jina lake. Nilikuwa nikisikia haya kisimani, nateka maji, nanyamaza. Kunyamaza nakuweza sana.

Wiki hii wamekuja watu wa mpango wa kuzuia mbu. Anayewaongoza ni mama mmoja wa bara, sote twamwita Daktari. Kiswahili chake huanza vizuri, halafu katikati kinaingia Kiingereza na hakitoki tena. Kwa kuwa shule zimefungwa, mwalimu wangu akampa jina langu nimfasirie. Mimi, ambaye darasani huomba ruhusa ya kwenda msalani zamu yangu ya kusoma kwa sauti inapokaribia.

Kwenye baraza la kijiji Daktari alisema dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu haitoshi kila dimbwi, kwa hivyo tuchague wenyewe pa kuanzia, na mwisho wa kuchagua ni kesho Ijumaa.

"Mtaanza na hoteli zenye wageni," bibi yake Riziki, mtoto wa jirani yetu, akadakia. "Wao wanapuliziwa moshi kila jioni, mbu wanakimbilia kwetu kulala. Mwambie hivyo hivyo, mwanangu, usimpunguzie."

Sikumpunguzia. Daktari akajibu kwamba hawaanzi penye pesa, wanaanza penye viluwiluwi vingi karibu na watoto wengi. Niliibeba sentensi ile kutoka lugha moja hadi nyingine. Watu wakataja matairi ya gereji, machimbo ya matofali ya mawe, birika la msikitini.

Hakuna aliyetaja bwawa. Hata baba, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, mikono kifuani.

Leo asubuhi mimi na Daktari tulizunguka na Mama Riziki. Yeye ni jirani yetu, na ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, anajua kila uchochoro. Tulipofika kwenye lango la hoteli akageuza kanga yake begani, akakata kushoto bila kupunguza mwendo.

"Huku hakuna kitu," akasema.

Daktari akasimama. Akaniuliza mimi, kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza siri: ndani ya ukuta huu mna nini?

Hakuna mwingine aliyekuwa akitusikiliza. Ningeweza kusema palepale, kwa lugha ambayo baba haijui, na pengine asingejua kamwe ni nani aliyesema.

Nikamjibu: nyumba mbovu tu. Hakuna maji.

Mchana nikampelekea baba chakula kule hotelini. Akiwa anakula kibarazani, nikaenda bwawani na kata ya kuchotea maji. Sikuwa nimekwenda kule tangu zamani. Mvua za mwezi huu zimelijaza nusu, maji yametulia, jua linapiga hadi kwenye vigae. Daktari alikuwa ametufundisha: viluwiluwi vya mbu wa kawaida huning'inia kichwa chini, vya mbu wa malaria hulala ubapa juu ya maji. Nikachota.

Vililala ubapa. Vyote. Vidogo, vyembamba, vinarukaruka kila kivuli changu kinapovipitia. Nikamwaga, nikachota upande wa pili. Vilevile.

Nawaambia ukweli, nilitamani ningekuta jini.

"Ondoka hapo!" Baba alikuwa nyuma yangu.

"Baba, hivi ni vya malaria."

"Nimesema ondoka. Mwenyewe amekataza mtu wa serikali asikanyage humu mpaka kesi iishe. Kazi ikiniponyoka utakula hicho Kiingereza?"

Hakuwa na hasira. Nilimtazama vizuri nikaona kitu kingine. Alikuwa amesimama mbali na maji, mbali kuliko inavyohitajika, na midomo yake ilikuwa ikisoma dua polepole. Baba yangu. Aliyelitunga mwenyewe.

Saa za alasiri tukasikia ukelele nyumba ya pili.

Riziki ana miaka sita. Alitoka kuugua malaria juzijuzi tu, alikuwa ameanza kucheza. Tulipofika alikuwa mkekani ameshikwa na degedege, macho yamepanda juu, mkono mmoja unajipigapiga wenyewe. Bibi yake alikuwa amepiga magoti kichwani pake.

"Ni yule wa hoteli," bibi akasema. "Mtoto alikwenda kuokota mpira kule ukutani. Apelekwe kwa mganga atolewe, hospitali hawatoi majini."

"Mama, huyu ana homa, mguse," Mama Riziki akasema. Lakini alisema akitazama chini. Yule yule anayetufundisha dalili za malaria kila mwezi! Nikakumbuka alivyokata kushoto asubuhi, nikajua anaamini. Anaamini kabisa, na hofu imemfunga miguu kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe huku mwanawe anatetemeka.

Baba alikuwa amesimama uani. Nilimwangalia yeye tu. Neno moja lingetosha.

"Mpelekeni hospitali, Msambweni," akasema hatimaye. "Mganga hatakimbia. Nitaita boda."

Neno lenyewe hakulisema.

Mama Riziki akaondoka na boda, mtoto kamfunga kwa kanga mbele yake. Mpaka sasa hatujapata habari yoyote. Simu yake haipatikani.

Na jua lilipokuwa likizama nilimwona bibi akipita nyuma ya nyumba yetu peke yake, ana chetezo cha ubani mkononi. Nilimfuata kwa macho. Alikwenda hadi kwenye ukuta wa hoteli, akatoa kitu kwenye mfuko wa duka, akakitandaza juu ya ukuta, akakinyoosha kwa viganja kama anayemtandikia mgeni.

Taulo jeupe, jipya. Lebo yake bado inaning'inia.

Akasema maneno ambayo sikuyasikia yote. Nilichosikia ni: twakuomba, turudishie mtoto.

Baba naye aliona. Alikuwa kwenye lango. Hakumsalimu bibi, hakusogea, na bibi alipokwisha kupita alibaki akilitazama lile taulo mpaka giza likaingia, na taulo bado lilionekana.

Mbu wameanza. Wanakuja kutoka upande ule, kama kila siku, na sauti yao leo siwezi kuivumilia.

Nimejiuliza tangu magharibi: namwogopa nani? Baba hajawahi kunipiga. Naogopa kuuona uso wake nikimwambia kwamba uongo aliotulishia miaka hii yote ndio unaowaumiza watoto wa jirani. Na naogopa kazi ikiisha, kwa sababu itaisha, na itakuwa ni mimi niliyeimaliza.

Lakini kesho Daktari atauliza kwa mara ya mwisho, na nitamwambia. Bwawa liwe la kwanza, kabla ya matairi, kabla ya birika. Bibi naye lazima aambiwe, maana Riziki akirudi na homa nyingine hatampeleka hospitali. Hilo si langu kumwambia. Ni la baba.

Kwa mdomo siwezi. Nimejaribu mara mbili wakati wa kula, maneno yakarudi tumboni. Ndiyo maana nimeyaandika hapa yote, kama yalivyo, hata yale yanayonihusu mimi pale langoni. Sitayachapisha kabla hajayaona. Kama wewe unayasoma, basi yeye aliyasoma kwanza.

Nasikia kandambili uani. Ni baba, amekuja kunywa chai kabla ya zamu ya usiku.

Siku nyingine ningeigeuza simu hii ninayoandikia, uso chini, niseme nasoma hesabu.

Nimeiacha mkekani, mwanga wote umewaka. Baba husoma polepole, neno kwa neno, akitembeza kidole. Nitamngoja.

Najisogeza ukutani ili apate pa kukaa.