Sanduku la Wachuka

Wachuka,

Chai iko kwa chupa. Anika taulo, na sabuni usiiache tena ndani ya karai kule bafuni, inaisha bure.

~~Nguo zako zitoke chini ya kitanda kabla sijarudi.~~ Hiyo wacha.

Asubuhi nilikugombeza juu ya hizo nguo mpaka ukaenda shule bila uji. Nikafungua sanduku lako nizipange mwenyewe, nikakuta limejaa nguo za cucu, zimekunjwa vizuri. Ameniambia ulimpa siku ile alikuja, na msumari wako wa kutundika vitu bafuni pia, kwa sababu hawezi kuinama.

Nitarudi na sanduku lingine kutoka Karatina.

Nilikuwa naogopa kumleta cucu, mama yangu, akae kwa nyumba ya baba yako. Kumbe alikuwa ameshapata mwenyeji. Asante.

Mama yako