Uzazi Ambao Sikuuandika

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekwenda kliniki ya utafiti. Wanawake tuliokoma hedhi tu, benchi zima, tunajipepea kwa fomu zetu. Daktari katueleza: wanataka kujua kama idadi ya uzazi, na umri wa kuanza kuzaa, vina uhusiano na homoni zinazobaki mwilini baadaye. Jibu bado hawana, ndiyo maana wanauliza.

Umezaa mara ngapi? Nikaandika tatu. Wa kwanza ukiwa na miaka mingapi? Ishirini na sita.

Uongo mtupu. Ni mara nne. Na nilikuwa na kumi na saba.

Jumatano, 5 Machi

Nimeharibu kola mbili za sare za shule. Miaka yote hii kwenye cherehani nawagombeza wateja wanaobana tumbo nikiwapima — kumbe mimi ndiye nimebana tumbo mbele ya daktari! Kuna wanawake watakaotibiwa kwa hesabu hiyo. Sikubali. Jumanne wanatusomea majibu yetu tuyathibitishe. Nitarekebisha.

Tatizo ni msindikizaji. Lazima uje naye, maana damu inatolewa hujala kitu. Wangu nilimwandikisha binti wa dada yangu. Yaani mwanangu. Dada alimchukua akiwa na siku tisa. Leo ana miaka arobaini na minne, ananiita mama mdogo. Mume wangu alikufa hajui.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Dada. Nikamwambia nataka kusema. Akasema ningoje kwanza yeye mwenyewe azikwe. Kamlea yeye, kamuuguza yeye, nami nikamaliza shule nikaolewa kwa heshima. Kweli tupu. Nililia.

Akasema basi nenda na jirani. Nisingeshindwa. Lakini nimechoka kuwa mwoga. Nikamwambia mama atabaki yeye, mimi sidai kitu. Akanipa mgongo, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumanne, 11 Machi

Naandika kliniki, mkono una pamba.

Nesi alisoma: mama, umezaa mara tatu, sawa? Nikasema si sawa. Nne. Wa kwanza nikiwa na kumi na saba. Akakata, akaandika upya, hata hakuinua macho. Binti alikuwa amenishikia mkoba. Akauliza, mama mdogo, huyo wa kwanza yuko wapi?

Nikasema ndiye aliyenishikia mkoba.

Hakupiga kelele. Akaniwekea mkoba mapajani, taratibu, akatoka. Namwona dirishani, anaongea na Dada kwenye simu. Anasikiliza zaidi kuliko kusema. Naogopa. Lakini sijutii, na fomu iko sawa.

Amerudi. Amekaa benchi hili hili, kaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Anatazama ukuta. Anauliza alizaliwa saa ngapi, maana Dada kamwambia hajui.

Mimi najua. Ngoja niweke kalamu —