Ufa Katika Besi

3 Machi

Fundi wangu,

Habari za huko? Shemeji hajambo, watoto hawajambo, na ule mkono je? Sisi wazima, tunanyoa vichwa kama kawaida.

Shemeji ameniambia umempata mtu wa kununua vifaa vyako vyote, randa, patasi, misumeno, na kwamba anakuja mwisho wa mwezi. Ati kwa sababu ya vidole viwili! Haya, sikugombezi. Ila kabla hujauza, njoo kwangu Ijumaa ya katikati ya mwezi huu hadi Jumapili. Kuna bendi siku tatu mfululizo, muziki wa kupigwa mbele ya macho yako, si wa redio. Tutembee, tucheke, tule mpaka mkanda ugome. Ukikataa nakuja kukubeba mgongoni.

Ndugu yako,
Kinyozi


8 Machi

Kinyozi,

Salamu zimefika. Nyumbani wote wazima. Mkono umepona, vidole havijaota.

Nitakuja, lakini tuelewane: usinitie maneno kuhusu useremala. Tangu msumeno unile vidole, nikishika randa mkono unatetemeka. Mkono wa hivyo utaharibu mbao za watu. Nauza, basi. Muziki nitausikiliza.

Kaka yako,
Fundi


19 Machi

Fundi,

Umefika salama? Miguu bado inaniuma kwa kucheza siku ya Ijumaa. Na ile bembea kubwa ya bustanini! Mtu mzima ulipiga kelele kuliko watoto wote, nikawaambia watu sikujui.

Lakini acha nikusimulie ya Jumamosi, maana ulikuwa umeinama, hukujiona. Ukumbi mzima unapiga makofi, wewe ukanishika goti: "Ile besi kubwa ya mbao inaumwa. Kiungo kimeachia, ubavu wa kushoto." Nikakuambia acha uchawi wako. Mimi nilikuwa nasikia raha tu. Walipomaliza ukaenda mpaka nyuma ya jukwaa, ukaigonga besi, lile gitaa refu kuliko mtu, kwa kifundo cha kidole, sikio umelilaza juu yake, mahali hadi mahali, mpaka ukasema, "Hapa." Yule mama mpiga besi akajiziba mdomo. Miezi minne anasikia mkwaruzo na hajui unatoka wapi!

Ukaazima gundi na vibano kwa watengeneza madirisha wa jirani. Mimi nikashikilia, kwani kushika kitu kisitikisike ndiyo kazi yangu. Nikawa nautazama mkono wako. Fundi, haukutetemeka. Nakuapia, hata mara moja, na nilikuwa karibu kiasi cha kukuhesabu vinyweleo.

Jumapili mchana yule mama alipougusa uzi wa kwanza, sauti ilipita sakafuni, ikanipanda miguuni hadi kifuani. Nywele zilinisimama. Miaka yote tunajuana, kumbe sikujua unaweza nini. Nilikuogopa kidogo, nakwambia ukweli. Nilipogeuka ulikuwa unalia, nikajifanya natazama ukuta.

Uliniambia nisitie maneno. Natia: usiuze.

Ndugu yako,
Kinyozi


12 Aprili

Fundi,

Mko wazima kweli? Mwisho wa mwezi umepita na wewe kimya. Kama umeuza, niambie tu, sitanuna. Nitanuna kidogo.

Ndugu yako,
Kinyozi


20 Aprili

Kinyozi,

Hatujambo sote, nanyi tunawaombea uzima. Nisamehe kwa kimya.

Mnunuzi alikuja siku aliyosema. Nilikuwa nimevipanga vifaa vyote juu ya meza na kuvipaka mafuta, maana nilijiambia mkono wa Jumamosi ile ulikuwa bahati tu. Akaishika randa, akauliza kama bado inakata. Nikachukua kipande cha mbao nimwonyeshe.

Nilisukuma mara moja. Ukatoka utepe mmoja mrefu, mwembamba hata mwanga unapita, ukajikunja na kuanguka miguuni pake. Mkono umetulia tuli. Shemeji yako alikuwa mlangoni na ndoo ya maji, akasahau kuitua. Nikasukuma tena, na tena. Kinyozi, nilishindwa kuacha. Niliutazama mkono huu kana kwamba nimepewa siku ile.

Mwisho yule bwana akauliza, "Sasa unauza au huuzi?" Nikamwomba radhi kwa safari ya bure, na nikamwambia kama kwake kuna mlango wa kutengenezwa, anitumie vipimo.

Vimefika jana. Ni milango miwili.

Kaka yako,
Fundi