Mashimo ya Babu Yako Usiyarithi

Kwa mjukuu wangu Omari,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi ni mzima, mguu wa kushoto ndio ule ule, na Riyadh inatupika bila sufuria. Nyinyi hamjambo? Kifua cha mama yako kimepoa? Haya. Salamu zimekwisha, kaa kitako.

Barua zangu zote huandikiwa na watu. Hii nimeiandika kwa mkono wangu, siku nne, juu ya meza ya kupigia pasi. Herufi zikipinda, soma hivyo hivyo. Mimi darasa la tatu niliishia mlangoni. Simu siitaki kwa jambo hili, nyumba hii ninayofanyia kazi ina masikio mengi. Dereva wetu Mkenya anakwenda likizo Mombasa, ataileta.

Nina hasira, Omari. Mama yako alinipigia: "Mama, mtoto ana chunusi, huko kuna dawa nzuri, tutumie." Nikauliza, za nini? Akasema joto. Joto! Mombasa imeanza joto mwaka huu? Nami mjinga nikaamini. Tulipokwenda Jeddah kwa wazazi wa madam, tajiri wangu, siku yangu ya mapumziko nikapita mtaa wa Ghulail, nikaingia duka moja, nikaomba dawa ya chunusi. Muuzaji akanipa tyubu mbili. "Paka wiki moja, halas, uso kama yai." Moja nikakutumia, moja nikabaki nayo kwa madoa yangu. Ndiyo, na mimi nina uso.

Hakuna aliyeniambia umeanza sindano. Miezi minne daktari anakudunga homoni za kiume, sauti imeshuka, jina umebadilisha, jirani wa kushoto anajua, wa kulia anajua. Asiyejua ni mimi, niliyekuogesha maji ya kwanza. Mpaka uso ulipoungua ndipo ukanikumbuka: "Nyanya, dawa yako imeniharibu. Chuo nimeacha, chumbani sitoki, na sindano naziacha." Dawa yangu! Mlinituma nipike gizani, chakula kikiungua mnanionyesha sufuria.

Sasa sikiliza. Mwanawe madam ana miaka kumi na sita, na uso wake ni kama embe lililopigwa mvua ya mawe. Baba yake akimwona mezani anacheka: "Mwanamume huyo, anabisha hodi!" Hakuna anayesema joto. Hakuna anayemficha mtu. Wakampeleka kwa daktari wa ngozi, mimi nikaenda kushika mkoba. Pale mapokezi nikamkuta muuguzi, binti wa kwetu Kenya, wa bara. Madam alipoingia ndani na mwanawe, nikatoa tyubu yangu.

"Shosho, hii umempaka nani?"

"Mimi si shosho, mimi ni nyanya. Nimempa mjukuu wangu, ana chunusi."

"Wewe! Hii watu hujichubulia. Chunusi zinalala wiki mbili, zikiamka zinaamka na ndugu zao. Mjukuu wa kike ama wa kiume?"

Omari, mpaka hapo lugha yetu ilinisitiri, mjukuu ni mjukuu. Sasa nimeulizwa wazi. Nikamkumbuka yule baba anavyocheka mezani, nikakukumbuka wewe umejifungia. Nikasema, "Wa kiume. Ameanza sindano za kiume."

Yule binti akatazama mlango, akasogeza kiti. Akasema chini chini, "Basi ni balehe hiyo, nyanya. Hata huyu aliye ndani ni hizo hizo. Huwa zinazidi miezi ya mwanzo, wengi hutulia baadaye. Kosa ni hii tyubu, si yeye."

Umesikia? Kosa ni tyubu. Kwa hiyo, krimu hiyo usiiguse tena, lakini usikae nayo kimya: ichukue, nenda nayo kwa daktari anayekudunga, aone ulichopaka. Kuna dawa za chunusi za kweli, akupe yeye, si mimi, si duka. Na sindano usizikate kwa hasira wala usiziongeze kwa pupa. Mwambie yeye, apime yeye, kama ni kupunguza apunguze yeye. Sabuni ya mche ni ya shuka, si ya mashavu! Nawa kwa sabuni laini asubuhi na jioni, taratibu, kama unaosha yai usilotaka livunjike. Mafuta ya nazi yaishie kwenye nywele. Na kucha zako kata leo, maana mama yako ameniambia unabinya chunusi.

Tena jina. Umechukua jina la babu yako bila kuniomba, na mjane wake niko hai. Hilo limeniuma, silifichi. Lakini kama umelichukua, lijue. Picha ya ukutani inakudanganya, mpiga picha alimlainisha. Babu yako mashavu yake yalikuwa na mashimo, na kila shimo alilichimba mwenyewe kwa kucha, umri wako huo huo, kwa sababu nyumbani kwao hakuna aliyemwambia wacha. Mpaka anakufa akipiga picha anageuza shavu. Wewe nimekwambia. Rithi jina, mashimo yaache.

Kama unasoma hapa, basi umetoka chumbani ukampokea dereva wewe, si mama yako. Nimemwagiza barua hii asimpe mtu mwingine. Sasa uende chuoni na hizo chunusi zako, zikutangulie.

Msalimie mama yako, umwambie mimi na yeye tuna kesi. Msalimie shangazi yako wa Likoni, na yule jirani anayekuletea uji, huyo ana moyo.

Tangu ukiwa wa kubebwa nimekutania mke mwenzangu, kama nyanya wote wanavyotania wajukuu wa kike. Sasa mke mwenzangu ameondoka, hata talaka sikuisikia. Sijasema nimeelewa yote. Nimesema nimesikia.

Kanawe uso, mume wangu.

Ni mimi mkeo mkali,
Nyanya